Sanduku la Kuoshea Mchanga wa Dhahabu

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya kipindi: mteremko, mkondo, kizuizi, vizuizi, chekeche, kabari, gunia, zebaki. Mwalimu wa darasa awasomeshe wanafunzi maneno haya mara mbili. Kila mwanafunzi awe na daftari, kalamu, na kipande cha uzi chenye urefu wa futi moja.

Hamjambo, akina mama na akina baba wa darasa la Kwai, huko milimani Lushoto. Hamjambo na ninyi wanafunzi wa madarasa mengine mnaotusikiliza. Karibuni tena.

Leo tutajifunza kazi ya mikono. Tutajifunza jinsi ya kutengeneza sanduku la kuoshea mchanga wa dhahabu, na hasa vile vipande vya mbao vinavyokingama ndani yake. Vipande hivyo ni vidogo, na mtu asiyejua atadhani ni pambo tu. Lakini ni hivyo vinavyoamua kama dhahabu yako itabaki sandukuni au itakwenda zake na maji.

Kwanza tuseme jambo moja wazi wazi. Somo hili si tangazo la kwamba dhahabu imeonekana Kwai. Mtu asiache kabichi na viazi vyake akaenda kuchimbua kingo za mto. Twafundisha kazi hii kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza: wako vijana wa milima yetu wanaoteremka kutafuta riziki machimboni, Handeni na Kilindi katika mkoa huu huu wa Tanga, au mbali zaidi, Chunya na Geita. Anayekwenda bila kujua kazi hurudi mikono mitupu, au hurudi na ugonjwa.

Sababu ya pili: Usambara yenyewe imekwisha kupata funzo. Mwaka 2003 dhahabu ilionekana Sakale, Usambara ya Mashariki, karibu na hifadhi ya Amani. Maelfu ya watu walikimbilia huko. Walichimba mabondeni na kando ya vijito, na vijito vikajaa matope. Maji ya huko huingia mto Zigi, na mto Zigi ndio unaowapa maji watu wa jiji la Tanga. Mwishowe serikali iliwaondoa wachimbaji. Kwa hiyo somo letu lina maswali mawili: Nitaipataje dhahabu? Na jirani yangu aliye chini yangu atakunywa nini?

1. Maji huchaguaje?

Mkulima wa Kwai amekwisha kuiona kanuni ya kazi hii, ingawa hakuipa jina. Wakati wa masika, maji yanayoshuka mlimani kwa nguvu hubeba mawe, changarawe, mchanga na udongo. Yakifika mahali pa tambarare, au nyuma ya jiwe kubwa, hupunguza mwendo. Hapo huangusha mzigo. Huangusha nini kwanza? Mawe. Kisha changarawe, kisha mchanga. Udongo laini huenda mbali zaidi.

Ndiyo sababu wakulima wa Lushoto walifundishwa kupanda safu za majani ya malisho kwa kukingama mteremko, katika mradi wa hifadhi ya udongo ulioitwa SECAP, ulioanza mwaka 1981. Safu ya majani hupunguza mwendo wa maji, na udongo wa shamba hubaki. Sanduku la dhahabu lafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Maji yakienda mbio, hubeba. Maji yakipunguza mwendo, huangusha. Na kilicho kizito huanguka kwanza.

Dhahabu ni nzito kiasi gani? Andikeni hesabu hii. Fikirini chupa ya lita moja. Ikijaa maji, maji yale yana uzito wa kilo 1. Kama ingejaa jiwe gumu la kawaida bila nafasi yoyote, jiwe lingekuwa na kilo 2 na nusu na zaidi kidogo. Chuma kingekuwa na karibu kilo 8. Risasi ingekuwa na kilo 11 na zaidi. Dhahabu ingekuwa na kilo 19 na zaidi. Basi dhahabu ni nzito kama mara 7 kuliko jiwe la ukubwa ule ule.

Ndani ya maji tofauti huwa kubwa zaidi. Kila achotaye maji kisimani ajua kwamba ndoo ikiwa bado ndani ya maji ni nyepesi, na ikitoka ndipo uzito wake unapouma mkono. Maji hukisaidia kubeba kila kilichomo ndani yake. Hulipunguzia jiwe letu kilo 1, likabaki na kilo 1 na nusu na zaidi kidogo. Hupunguzia dhahabu kilo 1 ile ile, ikabaki na 18 na zaidi. Sasa dhahabu ni nzito kama mara 11 kuliko jiwe. Ndiyo maana twatumia maji: maji ni mizani.

(Hapa kipindi kinasimama kidogo. Mwalimu aulize: Ulanga hung'aa sana katika mchanga wa vijito. Je, utabaki sandukuni? Jibu: La. Ulanga ni mwembamba na mwepesi, huelea na kwenda na maji. Dhahabu huzama.)

2. Kizuizi ni nini?

Sanduku lenyewe ni mfereji wa mbao tu. Una sakafu na kuta mbili, na hauna kifuniko. Ncha zake zote mbili ziko wazi. Mchanga humwagwa juu, maji huusukuma, nao hutokea chini.

Kama sakafu ni laini, dhahabu kubwa yaweza kubaki, lakini ile ndogo kama chenga za mchele, au bapa kama gamba la samaki, husukumwa ikatoka. Kwa hiyo twaipatia mahali pa kupumzika. Twaweka vipande vya mbao vya kukingama sakafuni, kama mataruma ya reli. Kila kipande twakiita kizuizi. Vingi twaviita vizuizi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kizuizi si ukuta. Ukuta hujaa mchanga siku ya kwanza na kazi yake imekwisha. Maji yakifika kwenye kizuizi huruka juu yake. Yakisha kuruka, sehemu ndogo ya maji hugeuka nyuma ya kizuizi, ikashuka na kuzunguka, kama maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe la mtoni. Mzunguko huo hufanya kazi mbili. Kwanza, ni wa polepole, kwa hiyo dhahabu huanguka humo. Pili, haukomi, kwa hiyo huurusha mchanga mwepesi ukarudi katika mkondo na kwenda zake. Kizito hubaki, chepesi hufukuzwa. Kizuizi kizuri chaonekana kama kinachemka nyuma yake. Mchanga hucheza humo mchana kutwa, haulali.

Mto nao una vizuizi vyake. Nyuma ya mawe makubwa, katika nyufa za mwamba, na upande wa ndani wa kona, maji hupunguza mwendo. Hapo ndipo wachimbaji wa Lupa, Chunya, walipotafuta dhahabu ya mtoni baada ya kugunduliwa mwaka 1922. Sanduku letu ni mto mdogo tuliojitengenezea wenyewe.

3. Vifaa na vipimo

Andikeni vifaa hivi:

Mbao ya sakafu, urefu futi 6, upana inchi 12. Mbao mbili za kuta, urefu futi 6, kimo inchi 8. Fito mbili nyembamba zilizonyooka, unene inchi 1, urefu futi 4. Vipande 16 vya mbao ngumu, kila kimoja urefu inchi 10, upana inchi 1, kimo inchi 1. Gunia moja la katani. Misumari, msumeno, nyundo, na kabari nne. Chekeche la waya lenye matundu ya nusu inchi.

Mbao mtazipata wapi? Paini na saiprasi kutoka mashamba ya miti, kama lile la Shume, zafaa sana kwa sanduku. Kwa vizuizi tafuteni vipande vya mti mgumu zaidi vilivyobaki kwa fundi seremala, maana changarawe husaga mbao laini upesi. Msikate mkulo wala mti mwingine wa msitu wa hifadhi. Vipande 16 vya kidole kimoja havistahili mti uliokua zaidi ya umri wa babu.

Tupige hesabu pamoja. Sanduku lina futi 6. Futi moja ni inchi 12. Basi sanduku lina inchi 72. Inchi 18 za juu hatuweki vizuizi. Hapo ndipo pa kumwagia mchanga, maji yaulowanishe na kuutawanya. Inchi 6 za mwisho pia tunaziacha, maji yatoke bila kurukaruka. Zinabaki inchi 48. Kila kizuizi kina upana wa inchi 1, na nyuma yake twaacha nafasi ya inchi 2. Jumla inchi 3. Gawanyeni 48 kwa 3. Mmepata 16. Ndiyo vipande vyetu 16.

4. Kutengeneza

Hatua ya kwanza. Pigilia kuta mbili ubavuni mwa sakafu, ili upana wa ndani ubaki inchi 12 kamili. Ziba nyufa kwa lami au kwa vitambaa vilivyosokotwa. Sanduku likikaa ndani ya maji siku moja, mbao zitavimba na nyufa ndogo zitajifunga.

Hatua ya pili. Tengeneza ngazi. Fito mbili za futi 4 ndizo miguu ya ngazi, na vizuizi 16 ndivyo vidato vyake. Pigilia kila kizuizi kati ya fito, msumari mmoja kila upande. Ngazi ikilala sandukuni itakaa sawasawa: fito inchi 1, kizuizi inchi 10, fito inchi 1, jumla inchi 12.

Kwa nini ngazi? Kwa nini tusipigilie vizuizi sakafuni moja kwa moja? Kwa sababu kila siku utahitaji kuviinua ili kutoa kilichonaswa. Kizuizi kilichopigiliwa sakafuni huficha dhahabu pembeni na hakifunguki.

Fundi mwenye randa aweza kufanya jambo moja zaidi. Aulalishe ubavu wa nyuma wa kila kizuizi, ili ukingo wa juu utokeze kidogo kuelekea maji yanakokwenda. Dari hiyo ndogo huilinda dhahabu iliyolala chini yake. Asiye na randa asisikitike. Kipande cha mraba chafanya kazi.

Hatua ya tatu. Tandika gunia la katani sakafuni, chini ya ngazi. Liwe limenyooka, bila mikunjo. Nyuzi za katani hunasa dhahabu laini ambayo mbao haiwezi kuishika.

Hatua ya nne. Laza ngazi juu ya gunia na uikaze kwa kabari, mbili kila upande, ukizibana kati ya fito na ukuta. Pitisha kidole chini ya vizuizi. Kikipita, hata kwa shida, bado hujamaliza. Maji yatapita hapo hapo chini, na mahali maji yapitapo, dhahabu itapita. Kaza tena.

5. Mteremko na maji

Sanduku zuri lililowekwa vibaya ni kuni tu. Kipimo cha kuanzia ni hiki: kila futi moja ya sanduku ishuke inchi moja. Sanduku letu la futi 6 lishuke inchi 6.

Tutapimaje? Chukua ubao ulionyooka wa futi 6. Ncha moja iweke juu ya ncha ya juu ya sanduku. Weka pimamaji ya fundi juu ya ubao. Kama huna, laza chupa nyeupe iliyotiwa maji nusu, iliyofungwa vizuri. Inua au shusha ncha ya pili mpaka ubao uwe sawa kabisa. Sasa pima kutoka chini ya ubao hadi kwenye sanduku, upande wa ncha ya chini. Ikiwa ni inchi 6, mteremko ni sawa.

Maji yawe kiasi gani? Juu ya vizuizi pawe na maji ya kina cha inchi 1 hivi, yakienda mwendo wa mtu anayetembea. Hayo si machache. Ni zaidi ya lita 6 kila sekunde. Debe la lita 20 lingekwisha kabla hujahesabu mpaka nne. Kwa hiyo sanduku hili lahitaji mfereji wenye maji ya kudumu, au pampu. Mwenye ndoo tu asilijaribu. Yeye atumie ubao uliotandikwa gunia tupu bila vizuizi, na maji membamba, kama wafanyavyo wachimbaji wa Kanda ya Ziwa mahali wanapopaita mwalo. Ubao huo wafaa hasa kwa dhahabu iliyotoka katika mawe yaliyosagwa, maana hiyo ni laini kama unga. Vizuizi vyafaa kwa dhahabu ya mchanga na changarawe.

Kabla ya kumwaga mchanga, upitishe kwenye chekeche. Mawe makubwa hupiga vizuizi na kukoroga kilichokwisha kutulia. Vunja mabonge yote ya udongo wa mfinyanzi kwa mikono ndani ya ndoo ya maji. Bonge la mfinyanzi hubingirika sandukuni kama mpira, na dhahabu iliyogandamana nalo huondoka nalo. Mwaga kidogo kidogo, bila kusita na bila kujaza.

Sasa tazama vizuizi, navyo vitakuambia. Nafasi zikijaa mchanga mpaka juu na mchanga umelala, basi mteremko ni mdogo, au maji ni machache, au wamwaga upesi mno. Gunia likionekana limeoshwa jeupe nyuma ya vizuizi, basi mteremko ni mkali au maji ni mengi mno. Nafasi zikiwa na mchanga nusu, nao unacheza, hapo ndipo penyewe. Ukibadili mteremko, badili nusu inchi tu, kisha tazama tena. Usibadili mteremko na maji kwa pamoja. Hutajua ni kipi kilichosaidia.

Usikisie. Jaribu. Tafuta risasi kama ile ya kuzamishia nyavu. Kata vipande 10 vidogo kama punje za mtama, uvigonge viwe bapa. Vichanganye na ndoo ya changarawe, uimwage juu ya sanduku. Kisha simamisha maji na uvitafute. Vikiwa karibu vyote katika vizuizi vya kwanza, sanduku ni zuri. Vikiwa vimetawanyika mpaka mwisho, au vingine havipo, rekebisha. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu. Sanduku linaloshika risasi litashika na dhahabu ya ukubwa ule ule. Viokote vyote 10, usiwaachie watoto, na unawe mikono, maana risasi ni sumu ikiliwa.

(Hapa kipindi kinasimama kidogo. Kila mwanafunzi apime uzi wake na aseme: sanduku la futi 8 lishuke inchi ngapi?)

6. Kuvuna

Jioni, au mapema zaidi ukiona mchanga mweusi umejaa nusu ya nafasi za vizuizi vya juu, acha kumwaga. Yaache maji yaende dakika chache mpaka yawe meupe. Kisha yapunguze. Toa kabari, inua ngazi polepole na uioshee ndani ya karai. Kunja gunia kuelekea ndani, ulitie katika ndoo ya maji, ulisuuze mara tatu. Usilikung'ute hewani.

Utakachopata kwenye ndoo kwa sehemu kubwa ni mchanga mweusi. Huo ni mzito kuliko mchanga wa kawaida, ndiyo maana ulibaki. Si dhahabu, lakini ni dalili njema kwamba sanduku lachagua. Uoshe katika karai, ukitikisa kwa mzunguko na kumwaga kidogo kidogo. Kisha kausha kilichobaki. Chukua sumaku, izungushie karatasi, uipitishe juu yake. Sehemu kubwa ya mchanga mweusi itarukia sumaku. Dhahabu haivutwi na sumaku. Ondoa karatasi, mchanga utaanguka. Rudia mpaka ubaki na kidogo sana, utakachoweza kukichambua kwa jicho na kwa pumzi.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau. Chota karai moja ya mchanga uliotoka chini ya sanduku, uuoshe. Ukikuta dhahabu humo, sanduku lako laiba. Usiilaumu ardhi. Rekebisha vizuizi.

7. Kwa nini tusitumie zebaki?

Machimboni utaona watu wakimimina kitu cheupe kama fedha iliyoyeyuka. Hiyo ni zebaki. Hushikamana na dhahabu laini, kisha huchomwa motoni, zebaki ikaruka na dhahabu ikabaki. Lakini zebaki haikupotea. Imekuwa mvuke usioonekana na usio na harufu, na aliye karibu ameuvuta. Mvuke huo huharibu ubongo na figo, hutetemesha mikono, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Inayoanguka mtoni huingia katika samaki, na samaki huliwa. Huko Minamata, Japani, mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu wanaugua na kufa. Walikuwa wamekula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mapatano mwaka 2013 ya kupunguza matumizi ya zebaki, na Tanzania iliyaridhia mwaka 2020.

Mtu atasema: Mwalimu, bila zebaki nitapoteza dhahabu. Tumjibu. Anayepoteza dhahabu nyingi sandukuni ndiye anayeikimbilia zebaki. Vizuizi vilivyopimwa, gunia safi, karai na sumaku hukufikisha mbali bila sumu. Na kwa kuyeyusha kile kidogo kilichobaki iko njia nyingine: boraksi, unga mweupe ambao hata wahunzi huutumia. Wachimbaji wadogo wa Benguet, huko Ufilipino, wameitumia kwa miaka mingi badala ya zebaki. Hatusemi kwamba kila punje itapatikana. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kisicho na sumu ndicho cha kupeleka nyumbani.

8. Maji yakitoka sandukuni

Sasa tulijibu lile swali la pili: jirani yako wa chini atakunywa nini?

Vijito vya Usambara ya Magharibi havikomi Lushoto. Vingine hushukia mto Mkomazi na mto Pangani, vingine huenda mto Umba. Njiani humwagilia mboga, hujaza mitungi, hunywesha mifugo. Maji yanayotoka sandukuni ni mekundu kwa matope. Ukiyaachia kijito, umemmwagia jirani shamba zima.

Kwa hiyo sanduku halikai mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima hatua zako. Sanduku likae nje ya mita hizo, na maji yaletwe kwa mfereji au bomba, kwa kibali. Kwa mito yetu, kibali cha maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Chini ya sanduku chimba mashimo matatu kwa mfuatano. Maji yaingie la kwanza, yaangushe mchanga. Yatiririke polepole kuingia la pili, yaangushe matope. Yaingie la tatu yakiwa yametulia. Kanuni ni ile ile ya vizuizi: maji yakipunguza mwendo, huangusha mzigo. Kutoka shimo la tatu pampu iyarudishe juu ya sanduku. Hivyo maji yale yale hufanya kazi tena na tena, na kijito hubaki kisafi. Kazi ikiisha, fukieni mashimo, udongo mweusi uliotolewa kwanza urudi juu, mpande majani.

Tena, kabla ya kuchimba, pateni leseni. Madini ya Tanzania ni mali ya wananchi wote chini ya usimamizi wa serikali, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mchimbaji mdogo awe na leseni yake. Nendeni ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa. Na dhahabu mkiipata, msimuuzie mpita njia gizani. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini, ambako mizani huonekana na bei hutangazwa. Ninyi mnaojua kusoma sasa mtaisoma mizani wenyewe. Msikubali kusomewa.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Shikeni maneno matatu. La kwanza: maji ya mbio hubeba, maji ya pole huangusha. La pili: pima, jaribu, kisha amini. La tatu: maji yanayotoka kwako yanaingia kwa mwenzako. Kwaherini mpaka somo lijalo.

BAADA YA KIPINDI

Maswali ya kujibu kwa maandishi:

1. Kwa nini ndoo iliyo ndani ya kisima ni nyepesi kuliko iliyotoka? Jambo hilo lahusu nini katika kazi ya dhahabu?

2. Sanduku lina vizuizi katika futi 5. Kila kizuizi kina upana wa inchi 1 na nafasi ya inchi 2. Vizuizi ni vingapi?

3. Umeona nafasi za vizuizi zimejaa mchanga uliolala. Taja mambo matatu yanayoweza kuwa sababu.

4. Kwa nini vizuizi hufanywa kama ngazi na havipigiliwi sakafuni?

Jambo la kujadiliana darasani:

Mtu mmoja amepata leseni ya kuchimba karibu na kijito kinachomwagilia mashamba ya watu ishirini. Wale ishirini wamtake afanye nini kabla hajaanza kuosha mchanga? Mwandishi wa darasa aandike masharti hayo kwa ufupi, kisha kila mwanafunzi ayasome kwa sauti.

Kazi ya vikundi: Kila kikundi kitengeneze kisanduku cha futi 2 kwa vipande vya mbao, chenye vizuizi vyembamba sita. Mwageni humo mchanga uliochanganywa na vipande vichache vya misumari iliyokatwa, kwa maji ya ndoo, na karai chini ya kupokea. Hesabuni vipande vilivyobaki na vilivyotoka. Badilini mteremko mara tatu, mkiandika hesabu kila mara. Maji ya kazi hii yamwagwe shambani, si kijitoni.